Kadi ya kugonga: kwanza jua pesa imekaa wapi

Mnada wa korosho ukishaanza, kuanzia Oktoba, malipo ya wakulima hupitia kwenye akaunti za benki, na foleni za ATM za Masasi, Newala, Tandahimba na Mtwara mjini hurefuka hadi barabarani. Wengi waliofungua akaunti kwa sababu ya korosho wana kadi yenye alama ya mawimbi manne yaliyolala ubavu, nao wanaitumia kwa kazi moja tu: kuichomeka kwenye ATM na kutoka na noti. Noti yetu kubwa kuliko zote ni ya 10,000. Milioni moja ni noti 100, na milioni tano ni bulungutu ambalo halijifichi kwenye mfuko wa suruali hata uvae koti juu. Kadi hiyohiyo ingelipa mafuta sheli, chumba cha hoteli au dawa, penye mashine, bila bulungutu kufunguliwa mbele za watu.

Mtu huyo akipanda basi kwenda Dar es Salaam anakutana na kadi nyingine za kugonga, za kivuko na za uwanja wa mpira, ambazo kwa macho zinafanana na ya benki lakini si lazima zifanye kazi kwa namna moja. Hapo ndipo watu wanapokosea. Kabla ya kugonga kadi yoyote, jiulize pesa imekaa wapi: imeandikwa ndani ya kadi yenyewe, au iko kwenye akaunti ya mbali na kadi ni ufunguo tu? Ukishajua hilo, matatizo mengi yaliyoelezwa hapa chini utayatambua mwenyewe kabla hujamuuliza mtu.

Kinachotokea unapogonga

Ndani ya plastiki kuna chipu ndogo na waya mwembamba uliozungushwa mara kadhaa karibu na kingo za kadi. Waya huo ndio antena. Kadi haina betri. Mashine inatoa mawimbi ya megahetsi 13.56, na antena ikiingia ndani ya mawimbi hayo inazalisha umeme kidogo wa kuamsha chipu, mfano wa dainamo ya baiskeli inayowasha taa bila betri. Chipu ikiamka inajibizana na mashine kwa muda wa chini ya sekunde moja, kisha ukiiondoa kadi inalala tena.

Kiwango cha kimataifa cha kadi hizi, ISO/IEC 14443, kinahesabu umbali wa hadi sentimita 10 hivi, ila mashine za dukani kwa kawaida zinataka sentimita 4 au pungufu. Kwa hiyo neno "kugonga" linapotosha kidogo. Huhitaji kugonga kitu. Unatakiwa kuisogeza kadi karibu na kuishika tuli. Anayeipunga juu ya mashine kama anayefukuza inzi anakata mazungumzo katikati, halafu analaumu kadi.

Kadi nyingi za benki siku hizi zina njia mbili kwenye chipu moja: ile dhahabu unayoiona ni ya kuchomeka, na antena usiyoiona ni ya kugonga. Kumbuka hilo, maana njia moja inaweza kufa na nyingine ikabaki nzima.

Kulipa dukani, sheli au hotelini

Kadi mpya usianze nayo kwa kugonga. Nenda ATM ya benki yako, ichomeke, weka au badilisha namba ya siri, na angalia salio. Kadi nyingi hazikubali kugongwa mpaka zichomekwe na kutumia namba ya siri walau mara moja, na huu ndio mkasa wa kwanza wa kila mtu: kadi mpya inakataliwa kaunta, mwenyewe anaona aibu, anairudisha pochini mwaka mzima.

Ukifika kaunta:

1. Mwambie muuzaji aingize kiasi kwanza: "Dada, weka kiasi nikione." Au kwa kijana wa sheli, "Njomba, andika hela kwanza." Soma kwenye kioo cha mashine, uhesabu sifuri. 15,000 na 150,000 zimetengana kwa kidole kimoja kilichoteleza, na kwa malipo madogo kadi ya kugonga haikuombi namba ya siri ambayo ingekupa nafasi ya kushtuka.
2. Tafuta alama ya mawimbi kwenye mashine. Mashine nyingine inasoma juu ya kioo, nyingine ubavuni au karibu na mdomo wa karatasi. Ukiigusisha mahali pasipo na alama hutapata chochote.
3. Toa kadi kwenye pochi. Pochi yenye kadi mbili za kugonga huifanya mashine isikie sauti mbili kwa pamoja. Ama itakataa zote, ama itachukua ile usiyoitaka.
4. Ilaze bapa juu ya alama, ishike kwa sekunde moja au mbili mpaka usikie mlio. Kwenye mashine nyingi utaona taa nne ndogo zikiwaka mfululizo.
5. Ikikuomba namba ya siri, weka mwenyewe kwa kufunika na kiganja. Usimtajie mtu aiandike.
6. Subiri neno la mwisho kwenye kioo, kisha chukua karatasi.

Hatua ya sita inarukwa kuliko zote. Mlio na taa nne vina maana kadi imesomwa. Havina maana malipo yamekubaliwa. Baada ya mlio mashine bado inapiga hodi benki, na benki inaweza kusema hapana. Mteja anayeondoka na bidhaa baada ya mlio, na muuzaji anayemruhusu, wote wawili watatafutana jioni.

Karatasi inayotoka kwenye mashine ya kadi ina namba ya mashine, tarakimu 4 za mwisho za kadi yako, muda na namba ya rejea. Itunze hadi uone ujumbe wa benki kwenye simu. Na karatasi hiyo si risiti ya EFD, ile ya kodi. Risiti ya TRA ni nyingine, idai nayo.

Gharama ya kupokea kadi ni ya mfanyabiashara na benki yake. Ukiambiwa "kwa kadi kuna nyongeza", uliza ni kiasi gani kabla ya kugonga, kisha amua. Wakati mwingine kumlipa kwa Lipa Namba ya simu ni nafuu kwenu wote, na kusema kweli sokoni Mtwara, au kwa mama muuza pweza ufukweni Lindi, simu ndiyo inayotembea. Kadi ina nafuu penye malipo makubwa, ambapo makato ya kutoa pesa ATM au kwa wakala yangekuuma.

Ikikataa

Usirudie kugonga mara kumi. Angalia imekataa kwa namna gani.

Mashine haikulia kabisa, kana kwamba hakuna kadi. Hapo antena haisikiki. Huenda umeweka mahali pasipo alama, kadi iko ndani ya kasha la chuma, au nyuma yake kuna simu yenye kifuniko cha sumaku. Itoe peke yake, ijaribu tena. Kama bado, ichomeke. Ikikubali kwa kuchomeka lakini haisikiki kwa kugonga kwenye mashine mbili tofauti, antena imekatika au imeachana na chipu. Hakuna fundi wa kuitengeneza. Omba kadi mpya.

Imelia, kisha kioo kinasema chomeka kadi au weka namba ya siri. Hii si hitilafu. Benki huweka kiwango cha fedha ambacho juu yake namba ya siri ni lazima, na kadi nyingine hujihesabia: baada ya kugongwa mara kadhaa mfululizo bila namba ya siri, hudai uthibitisho kwamba bado iko mkononi mwa mwenyewe. Chomeka, weka namba, na hesabu inaanza upya.

Imelia, imesubiri, kisha imekataliwa. Hapa kadi ni nzima na mashine ni nzima. Aliyekataa ni benki au mtandao. Salio halitoshi, umevuka kiwango cha siku, kadi imezuiwa, au mawasiliano yamekatika. Kama na wateja wengine wanakwama, ni mtandao. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Afrika Mashariki iliyumba. Siku kama hiyo kadi ambayo pesa zake ziko mbali haina la kufanya, hata iwe na mamilioni.

Imekataliwa, lakini simu imeleta ujumbe kwamba pesa zimekatwa. Huu ndio mkasa unaopandisha watu presha. Mara nyingi benki ilikubali lakini jibu halikufika kwenye mashine, na mfumo hurudisha fedha wenyewe baadaye. Usilipe mara ya pili kwa kadi ileile kabla hujaangalia salio. Omba karatasi ya kukataliwa, maana nayo inachapwa, na piga picha ya ujumbe. Fedha zisiporudi, nenda tawini na vitu vitatu: karatasi, ujumbe, na tarehe na saa. Bila namba ya rejea mhudumu anatafuta sindano kwenye gunia la korosho. Benki isipokutendea haki, malalamiko yanapokelewa na Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi Mtwara. Lakini anza na benki yako kwa maandishi na ubaki na nakala, kwa kuwa utaulizwa walikujibu nini.

Upande wa pili: kadi inakubali kugongwa lakini ikichomekwa inagoma. Hapo uso wa dhahabu umechafuka. Pwani yetu ina chumvi hewani, na mikono ya wabanguaji ina mafuta ya ganda la korosho, ambayo yakikauka huacha utando wenye kunata. Futa kwa kitambaa kikavu cha pamba. Usitumie msasa wala kisu. Njia ya kugonga haina uso wa kuchafuka, ndiyo maana kwenye miji ya bahari huwa inadumu.

Simu ya Android yenye NFC, yaani uwezo wa kusoma kadi za kugonga, ni kipimo kizuri cha nyumbani, kwa sababu NFC inatumia mawimbi yaleyale ya 13.56. Washa NFC, fungua kioo, isogeze kadi taratibu mgongoni mwa simu karibu na kamera. Simu ikilia au kutetemeka, antena ya kadi iko hai na tatizo liko kwingine.

Kadi za safari: geti halingoji

Kwenye kadi ya benki pesa haiko ndani. Kwenye kadi nyingi za usafiri iko ndani, au angalau salio limeandikwa kwenye chipu ili geti liamue bila kumuuliza mtu. Sababu ni foleni. Watu wakishuka kwenye pantoni kwa pamoja, geti haliwezi kusubiri jibu la benki kwa kila mmoja. Hong Kong walianza na kadi ya Octopus mwaka 1997, London wakafuata na Oyster mwaka 2003, na mtindo ukaenea.

Kwa msafiri wa kusini, mlango wa dunia hiyo ni Dar. Basi la kutoka Mtwara linatembea kilomita 560 hivi, la Lindi kama 450, nalo linaingilia jijini kwa barabara ya Kilwa kupitia Mbagala, ambako ndiko njia ya awamu ya pili ya mwendokasi ilikojengwa. Mabasi ya mwendokasi yalianza kubeba abiria Mei 2016 kwenye njia ya Kimara. Kwenye kivuko cha Magogoni na Kigamboni, na kwenye mageti ya Uwanja wa Benjamin Mkapa, utakutana na N-Card. Angalia nembo iliyobandikwa kwenye geti kabla ya kununua kadi: kadi ya huduma moja haifungui geti la nyingine kwa sababu tu zote ni za kugonga. Aliyezoea MV Kitunda pale Lindi au pantoni ya Msangamkuu aulize dirishani kwanza. Utaratibu wa kivuko kimoja usiuchukulie kuwa wa vyote.

Ukiipata kadi ya safari, piga picha ya namba iliyochapwa juu yake siku hiyohiyo. Kama inasajiliwa kwa namba ya simu, isajili. Kadi isiyosajiliwa ni sawa na noti: ukiidondosha, aliyeiokota ameokota salio lako. Iliyosajiliwa inaweza kufungwa na salio kuhamishwa, kama mtoa huduma ana utaratibu huo, na bila namba ya kadi hata huo haukusaidii.

Kuongeza salio kuna mtego mmoja. Ukiongeza kwa wakala mwenye kisomaji, fedha zinaandikwa kwenye kadi palepale. Ukiongeza kwa simu, kwenye mifumo ambayo salio linakaa ndani ya chipu, fedha zako ziko kwenye seva na kadi haina habari. Inabidi kadi iguse mashine ya kituo ili ichukue salio jipya. Ndiyo maana mtu ana ujumbe wa "umefanikiwa" mkononi na geti linamwambia salio halitoshi, na nyuma yake watu arobaini wanaguna. Ongeza mapema, pitisha kadi kwenye mashine ya kuangalia salio kama ipo, ndipo uende getini. Weka ziada ya nauli mbili. Zaidi ya hapo usiweke, maana fedha iliyoingia kwenye kadi ya safari mara nyingi haitoki tena kuwa taslimu.

Getini, kadi moja ni mtu mmoja. Mifumo mingi hukataa kadi ileile kugongwa tena papo hapo, ili mtu asipite na kumrudishia mwenzake kwa nyuma. Mkisafiri na watoto, kila anayelipa awe na kadi au tiketi yake, au pita dirishani.

Ukiondoa kadi mapema, geti likabaki limefunga na una shaka salio limekatwa, usikimbilie geti la pili. Rudisha kadi ileile kwenye kisomaji kilekile ndani ya sekunde chache. Chipu na mashine vimetengenezwa kumalizia mazungumzo yaliyokatika. Geti la pili linaweza kuanza hesabu mpya. Kama bado, muite mhudumu kabla hujagonga mara ya tatu.

Penye nauli moja kwa safari yoyote, unagonga kuingia tu. Penye nauli ya umbali unagonga kuingia na kutoka, na anayesahau kutoka anatozwa nauli ya juu kabisa. Wabongo wanaofika London hulia hapo. Kule kadi ya benki yenyewe inafungua geti, kwenye mabasi tangu Desemba 2012 na kwenye treni za chini ya ardhi tangu Septemba 2014. Kwenye basi unagonga mara moja, kwenye treni mara mbili, na lazima iwe kifaa kilekile. Ukiingia kwa kadi na kutoka kwa simu, hata kama zote ni za akaunti moja, mfumo unaona safari mbili zisizokamilika. Kigali mabasi ya mjini yalianza kutumia kadi ya Tap&Go mwaka 2015: unainunua, unaijaza, unagonga unapopanda.

Kwa safari za nje, iwe Dubai au kuvuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala kuingia Msumbiji, iambie benki yako kabla ya kuondoka. Benki nyingi huzima malipo ya nje na ya mtandaoni mpaka uombe yawashwe. Mashine ya nje ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa fedha ya pale, chagua fedha ya pale. Ukichagua shilingi, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango cha kubadilisha, na hajipangii hasara.

Kwenye basi lenyewe la kusini, usitegemee kadi. Tiketi utalipa kwa simu au taslimu, na chakula cha Nangurukuru au samaki wa Somanga ni noti. Barabara ilipokatika Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya, ilionekana kwamba safari ya siku moja inaweza kuwa ya siku nyingi. Akiba ya taslimu ya siku mbili iwe mbali na pochi yenye kadi.

Mambo yanayoua kadi huku kwetu

La kwanza ni lamination. Tumezoea kupitisha kila cheti kwenye mashine ya steshenari ili kisiharibike, na watu wanapeleka kadi ya benki pia. Mashine ile inachemka kupita nyuzi 100 za Selsiasi, na plastiki ya kadi huanza kulainika karibu na 80. Kadi inatoka inang'aa, chipu imekufa. Tena kadi yenye unene wa kawaida wa milimita 0.76 ikiongezwa karatasi mbili haiingii ATM, na ikiingia haitoki.

La pili ni kutoboa tundu ili kadi ining'inizwe shingoni. Antena imezunguka kingoni, pale pale panapotobolewa. Waya ukikatwa mahali pamoja tu, kugonga kumekwisha. Tumia kifuko cha plastiki chenye kamba.

La tatu ni mfuko wa nyuma wa suruali. Kuikalia kadi saa kumi ndani ya basi, au kila siku juu ya bodaboda, kunaipinda taratibu, na kiungo kati ya chipu na antena ndicho dhaifu kuliko vyote. Iweke mfuko wa shati au kwenye pochi ngumu. Dashibodi ya gari lililoegeshwa juani nayo si mahali pa kadi, kwa sababu ileile ya joto.

Maji hayana neno kubwa. Kadi iliyofuliwa na suruali kwa kawaida inapona. Ikaushe kivulini, usiianike juu ya bati. Sumaku ya spika au ya kifuniko cha simu inaweza kufuta ule mstari mweusi wa nyuma, lakini chipu haiguswi. Funguo za hoteli za mstari mweusi ndizo zinazokufa zikilala na simu. Mhudumu wa mapokezi anaiandika upya kwa dakika moja.

Pasi za kusafiria za kielektroniki, zinazotolewa nchini tangu Januari 31, 2018, zina chipu ya aina hii pia. Utaitambua kwa alama ndogo ya mstatili wenye duara katikati kwenye jalada. Usiipige pini ya stepla wala kuikunja.

Wezi, na hofu isiyo na msingi

Watu huogopa mwizi atakayepita sokoni na mashine mfukoni akiwagonga watu. Kitaalamu inawezekana kuisoma kadi kwa sentimita chache, lakini kila malipo ya kugonga yana msimbo wake wa mara moja unaokokotolewa na chipu, na aliyenasa msimbo wa jana hawezi kuutumia kulipa leo. Namba ya siri haitoki kwa kugonga, wala zile tarakimu 3 za nyuma. Na mashine ya kupokea malipo lazima iwe imesajiliwa kwa jina la mfanyabiashara, kwa hiyo mwizi wa namna hiyo anaacha anwani.

Wizi wa kweli ni wa mdomo. Msimu wa korosho, pembeni ya ATM huwa na kijana mwungwana anayesema, "Shikamoo mzee, nikusaidie?" Mzee asiyeona vizuri maandishi anampa kadi na namba ya siri, na kadi anayorudishiwa ni ya rangi ileile lakini si yake. Anayehitaji msaada aingie ndani ya benki, au aende na mwanawe, na akipokea kadi asome jina lake juu yake kabla ya kuondoka. Aliyekosea namba ya siri mara mbili asijaribu ya tatu. Kwa kawaida ya tatu ndiyo inayofunga kadi.

Picha ya kadi pande zote mbili ikitumwa WhatsApp inatosha mtu kununua vitu mtandaoni. Ukinunua tiketi ya ndege ya Mtwara kwa kadi, andika namba mwenyewe kwenye ukurasa wa malipo, usimpe wakala azichape. Na anayekuuzia kadi ya safari "iliyojazwa" kwa nusu ya salio lake mkimbie. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walionyesha kwamba kinga ya MIFARE Classic, aina ya chipu iliyotumika sana kwenye kadi za usafiri, inavunjika na kadi kunakiliwa. Mifumo ya siku hizi inalinganisha salio la kadi na la seva na kufunga kadi zisizolingana, na atakayekamatwa getini ni wewe uliyeishika.

Kadi ya benki ikipotea, piga simu ya huduma kwa wateja ya benki papo hapo. Andika namba hiyo kwenye simu leo, kwa sababu imechapwa nyuma ya kadi ambayo siku hiyo hutakuwa nayo. Andika pia muda ulioifunga na jina la aliyekuhudumia. Fedha hazikupotea, ziko kwenye akaunti. Kilichopotea ni ufunguo. Kumbuka lakini kwamba mwokotaji anaweza kugonga malipo madogo bila namba ya siri hadi dakika unayopiga simu, kwa hiyo usingoje uitafute kwanza chini ya kitanda.

Tarehe iliyochapwa mbele ni ya mwezi wa mwisho wa kazi, na kadi hufanya kazi hadi siku ya mwisho ya mwezi huo. Omba mpya mwezi mmoja kabla, hasa kama tawi lako liko mbali na kijiji. Ukishaipata na kuichomeka ATM, ikate ya zamani kwa mkasi mara mbili: mkato mmoja upite katikati ya chipu ya dhahabu, wa pili toka ukingo hadi ukingo ili antena nayo ikatike, na vipande usivitupe kwenye pipa moja.